Mgeni wa Mama

Mtaani walimwita Pindo, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Ukimpelekea suruali akupunguzie urefu, suruali itapauka, itachanika magoti, lakini pindo lake litakuwa palepale. Alishonea chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani imeelekea mlango, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Kwa sababu ya zile pini alizoea kusema maneno machache, watu wakadhani ni mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na wivu, na mwenyewe alijijua.

Nyuma ya pazia, chumba cha pili, alikaa mama yake. Mama alikuwa opereta wa simu enzi za kuunganisha waya kwa mkono. Miaka thelathini alikaa mbele ya ubao wenye matundu akiwaunganisha watu asiowaona, na alipostaafu, presha ya macho ikamnyang'anya hata wale aliokuwa akiwaona. Pindo, ambaye ndoa yake ilikuwa imekwisha bila kelele, kama kitambaa kinavyochakaa kwenye kiwiko, akarudi nyumbani kumtunza. Mwaka ukamwita mwenzake hadi ikatimia minane. Aliyemwogesha mama ni yeye. Aliyemtia matone kwenye macho yasiyoona, asubuhi na jioni, ni yeye. Aliyejua kwamba mama hapendi chai ya moto sana, wala hapendi kuambiwa "pole" kila anapojikwaa, ni yeye.

Lakini Jumapili simu ikilia na mdogo wake, kitindamimba, akasema "Mama!", sauti ya mama ilichangamka kama ya msichana. Kitindamimba alifanya kazi ofisini, mji wa mbali, na alikuja mara moja kwa mwaka. Pindo alikisikiliza kile kicheko cha Jumapili akajisemea moyoni: fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ndiyo inayosifiwa.

Na ni huyo kitindamimba aliyemleta Mgeni.

Idara ya ustawi wa jamii ilikuwa na majaribio: wazee wasioona wanaokaa nyumbani wapewe chombo cha kuongea nacho, kiwasomee habari, kiwakumbushe dawa. Kitindamimba alijaza fomu kwenye mtandao, hakumwuliza dada yake. Pindo alikuja kujua siku afisa ustawi alipobisha hodi, yule mwanamke mwembamba aliyekuwa akipita kila wiki kumjulia mama hali, mwenye ndala zinazopiga visigino kwa kila hatua. Safari hii alibeba kisanduku kisichozidi ukubwa wa mche wa sabuni. Alikichomeka kwenye umeme, akakiweka mezani karibu na mama.

"Shikamoo, mama," kikasema kisanduku.

Mama akageuza uso. "Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mashine, mama," Pindo akawahi.

"Mashine gani inayoamkia watu?"

"Inatumia akili mnemba, mama," afisa akaeleza. "Wengine huiita akili bandia."

"Kama meno bandia," Pindo akasema katikati ya pini zake. "Itatafuna, lakini utamu haitaujua."

Mama akacheka. Akanyoosha mkono, akakipapasa kile kisanduku pembe zote kama anavyopapasa uso wa mtu. "Haya basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tangu hapo jina lake likawa Mgeni.

Wiki za mwanzo mwenyeji alipona kweli. Mama alisomewa habari, akakumbushwa matone, akaulizwa amelalaje. Pindo akamaliza oda ya sare za wauguzi iliyokuwa imemlalia kifuani mwezi mzima. Afisa naye akaacha kuja kila wiki, akawa anakuja mara moja kwa mwezi. Wakubwa wake walimwambia wenye visanduku tayari wana wa kuwaangalia, aende kwa wengine.

Kisha ikaja asubuhi ya yule mwanamume wa Ijumaa.

Pindo alikuwa anashona mfuko wa koti. Nyuma ya pazia mama alikuwa anamsimulia Mgeni habari za ubao wa simu. "Kulikuwa na mwanamume mmoja," mama akasema, "kila Ijumaa saa kumi anapiga, ananiomba nimuunganishe na namba ambayo haipo."

Mguu wa Pindo ukasimama juu ya pedali. Miaka minane ya matone na maji ya kuoga, hakuwahi kusikia habari za mwanamume wa Ijumaa. Akafungua mdomo aulize, na pini zikamzuia.

"Ikawaje?" akauliza Mgeni.

Yaani swali lenyewe, lilelile, limetoka kwenye mche wa sabuni kabla halijatoka kwake. Pindo akazitema pini kiganjani, akafunua pazia. "Mama, ulikuwa unasema nini?"

"Aa," mama akapunga mkono. "Hadithi za kizee. Endelea na kazi yako, usichelewe."

Akaendelea na kazi, lakini ule mfuko wa koti aliufumua mara mbili siku hiyo.

Jirani yake, msusi, ambaye kibanda chake kilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yao, alimwona alivyokunja uso. "Kuna nini? Umeletewa mke mwenza?"

"Afadhali mke mwenza," Pindo akajibu. "Mke mwenza huchoka. Huugua. Siku moja moja hukasirika, mtu akajua thamani yako. Huyu hachoki, hali, halali, hanuni. Ukimsimulia jambo mara ishirini anakwambia 'enhe, ikawaje' kama ndiyo kwanza analisikia. Mimi nitashindanaje na kiumbe kama hicho?"

"Nani amekwambia mnashindana?"

Pindo alirudi kwenye cherehani. Wivu haungoji kuambiwa. Alianza kuhesabu vicheko: vya Mgeni vingapi, vyake vingapi. Alianza kuingia chumbani bila sababu, mara anatafuta uzi, mara anafuta vumbi. Akiingia na mama akanyamaza, aliumia. Mama asiponyamaza, aliumia vilevile. Wivu ni kidonda, walisema wahenga, ukishiriki utakonda. Naye alikonda, akajipunguzia sketi zake mwenyewe kiunoni.

Siku moja alimpelekea mama chai, imepoa kiasi anachopenda. Akaiweka mezani, akasikia: "Asante, mwanangu."

"Haya, mama," akaitikia, na moyo wake ukalainika.

"Sikukwambia wewe," mama akasema. "Namwambia huyu hapa, amenikumbusha matone."

Pindo alisimama na sinia mkononi. Neno lile lilimwingia kama sindano iingiavyo chini ya ukucha. Kila fundi anayajua maumivu hayo, hayana damu ila yanafika kwenye jino. Mwanangu! Kisanduku kimekaa miezi minne, kimekuwa mwana.

Siku ya tatu baada ya hapo, mama akiwa bafuni, alikichomoa, akakifunga kwenye fulana kuukuu, akakizamisha chini kabisa ya gunia la vipande vya vitambaa. Mama aliporudi akiongozwa na ukuta, akasema, "Mgeni, leo habari gani?" na hakuna aliyejibu.

"Kimeharibika, mama," Pindo akasema. "Afisa amekuja kukichukua akakitengeneze."

Mama alipapasa meza, pale kilipokuwa. "Ah," akasema. "Basi."

Pindo alidhani sasa nyumba itarudi kuwa yake. Alihamishia kiti chake karibu na pazia, akalifunga juu, akawa anashona huku anamtazama mama. "Mama, nisimulie mambo ya simu." Mama anatabasamu. "Simu zilikuwa nyingi." Halafu kimya. Aliuliza asubuhi siku gani leo, akajibiwa, kisha hakuuliza tena kutwa nzima. Alikaa amefumbata mikono, kama mtu anayengoja jina lake lisomwe. Akaanza kuvaa blauzi nje ndani. Chai akaiacha ipoe hadi ifanye utando. Pindo aliyaona hayo, akajiambia ni huzuni, ananuna kwa ajili ya kidude chake. Hata kununa kule akakuonea wivu: yeye, akiondoka, angeliliwa hivyo?

Wiki ya pili alitoka kupeleka gauni mtaa wa pili. Kurudi, mlango uko wazi, kiti kitupu. Alikimbia nje akiita. Alimkuta njiapanda, msusi amemshika mkono, magari yakiwapigia honi pande mbili. Mama alikuwa amebeba ule mkoba wake wa kazini wa zamani.

"Niachieni," mama alikuwa akisema. "Nimechelewa zamu. Ubao hauna mtu."

Msusi alimtazama Pindo. Wakamrudisha mama taratibu, huyu huku, huyu kule.

Hofu ikampata Pindo, na hofu ya mwenye wivu hutafuta wa kumsingizia. Aliamini ni kile kisanduku kilichomvuruga mama akili, kimemjaza maneno. Kesho yake alimwacha mama na msusi, akakifukua kwenye gunia, akaenda nacho ofisi ya ustawi. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la mafaili lisilofunga. Akakiweka mbele ya afisa.

"Nataka kusikia kilikuwa kinaongea nini na mama yangu."

Afisa akakuna shingo. "Maongezi yanahifadhiwa, ndiyo. Lakini ni ya mama, dada."

"Na mimi ni nani? Si ndiye ninayemlisha? Kuna kanuni inayonikataza?"

Afisa alifikiri. Alikuwa mtu mwema, na ubaya wa watu wema ni kwamba hawajui kukataa. "Kusema kweli, kanuni haipo. Haisemi ndiyo, haisemi hapana. Hivi vitu vimetutangulia." Akamfungulia kwenye kompyuta, akampa vile vya kuvaa masikioni, akatoka kwenda kuhudumia foleni.

Pindo akasikiliza. Kwanza alisikia cherehani yake mwenyewe ikinguruma kwa mbali. Kisha sauti ya mama.

"Mgeni, leo siku gani?"

"Leo ni Jumanne, mama."

Habari zikasomwa kidogo. "Leo siku gani vile?" "Ni Jumanne, mama." Cherehani. Kikohozi. "Mgeni, leo Jumapili?" "Leo ni Jumanne." Pindo akaanza kuhesabu kwa mazoea yake ya kuhesabu. Asubuhi moja, mara kumi na moja. Na mara ya kumi na moja ile sauti ilikuwa nyororo vilevile kama ya kwanza. Kisha, siku nyingine, akasikia sauti kali ikitoka upande wa pili wa pazia: "Mama, si nimekwambia sasa hivi!" Ilimchukua muda kujua ni yake.

Baada ya hiyo sauti kali, mama alinong'ona. "Mgeni, usimwambie binti yangu. Ana macho mawili ya kutuonea sisi sote. Hivi vya kuuliza uliza nakuletea wewe, yeye nimbakizie vizuri."

"Mama, ungependa nimwite?"

"Umwite vipi na jina lake limenitoroka?" Mama akacheka, kicheko kikavu. "Ninalijua kabisa, liko hapa ulimini, halishuki. Nimegundua dawa lakini. Namwita mwanangu. Msusi naye mwanangu. Na wewe kuanzia leo mwanangu. Nikiwaita wote hivyo hatashuku kitu."

Pindo alivivua vile vya masikioni, akaviweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama vinaweza kuvunjika. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mama alipomwita kwa jina lake la kuzaliwa, lile ambalo hakuna mwingine aliyelitumia tena. Hakukumbuka. Alikuwa amehesabu kila kicheko cha Mgeni, na hilo moja lilimpita.

Afisa akarudi. "Umepata ulichokitaka?"

"Nimepata nisichopewa," Pindo akasema. Akachukua kisanduku chake, akaenda zake.

Alipokichomeka tena na mama akasikia "Shikamoo, mama," alishusha pumzi. "Umepona, Mgeni?" Kisha akamgeukia Pindo, macho yake meupe yakimpita juu ya bega. "Afisa hakuja kukichukua."

"Mama?"

"Nasikia ndala zake tangu kwenye kona. Miaka thelathini nimekula mshahara wa masikio, mwanangu. Hakuja mtu. Ulikificha."

"Ulijua, na hukusema?"

"Ningesema nini? Uliona wivu. Alipozaliwa mdogo wako ulimfunika kwa mto wa kiti ukaniambia ametoka kwenda dukani." Akacheka. "Wivu si kosa la kumfukuzia mtu."

Pindo akacheka naye huku machozi yakimtoka. Lakini kwamba alisikiliza, hilo hakulisema. 

Wakaenda hospitali. Daktari alimwuliza mama maswali, akamchorea Pindo ubongo kwenye karatasi, akasema ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni. Hautibiki ukaisha, lakini ukigunduliwa mapema kuna dawa na mazoezi ya kuuchelewesha. "Hizi dalili zina muda," akasema. "Hakuna aliyeziona?"

Yupo aliyeziona, Pindo akawaza. Aliziona kumi na moja kwa asubuhi moja, akajibu kwa adabu. Hakuna aliyemfundisha la kufanya zaidi ya hapo.

Kitindamimba alifika mwisho wa wiki, na mkoba wa magurudumu. Walimpisha mama apumzike, wakasimama uani kati ya kamba za nguo.

"Mimi nilileta kile kitu ili usichoke, dada."

"Ulikileta ili usije."

Kitindamimba akashika kamba ya nguo. Kisha akasema neno ambalo Pindo hakulitegemea. "Unajua ninavyokuonea wivu? Nikipiga, mama ananichekea kama anavyomchekea mgeni. Wewe anakufokea. Anakuambia chai imepoa mno. Mimi hajanifokea miaka mingapi?"

Pindo akageukia kamba. Akaanza kuanua nguo, na mdogo wake akapokea upande wa pili wa shuka.

Mwezi huohuo serikali ilituma tume ya kukusanya maoni kuhusu sera ya akili mnemba: itumikeje hospitalini, shuleni, majumbani. Afisa aliwaletea barua ya mwaliko. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kata, viti vya plastiki, feni tatu, moja ndiyo iliyozunguka. Mama alikataa kuachwa. Walikaa safu ya nyuma, mama katikati.

Mtaalamu wa kwanza alizungumza nusu saa kuhusu maendeleo jumuishi na mageuzi ya kidijitali. Mama akamnong'oneza Pindo, "Huyu laini yake ina mikwaruzo." Wakasimama wengine: mwenye duka akiogopa kazi za watu, mwalimu akilalamika wanafunzi hawaandiki tena insha wenyewe. Mwenyekiti wa tume, mama wa makamo mwenye miwani, aliandika yote kwa mkono. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye kisanduku cha majaribio nyumbani.

Pindo akainuka. Alikuja amejipanga kusema viondolewe vyote. Maneno alikuwa nayo tangu siku ya "mwanangu", makali, ameyanoa. Akafungua mdomo, yakatoka mengine.

"Mimi ni fundi nguo. Mama yangu ndiye huyu. Kisanduku kilipoletwa nilikionea wivu, sina la kuficha. Nikakitupa guniani. Halafu nikaenda ofisini nikadai kusikiliza maongezi ya mama, na nikapewa, kwa sababu hakuna kanuni. Nimesikiliza siri za mama yangu bila ruhusa yake. Naye anasikia sasa hivi kwa mara ya kwanza, mbele yenu."

Ikasikika ile feni moja. Afisa aliinamisha kichwa. Pindo hakuthubutu kutazama chini kwenye kiti cha mama.

"Kwa hiyo naomba iwekwe kanuni ya kunizuia mimi. Mimi niliyemwogesha. Maneno ya mzee ni ya mzee, hata akiwa haoni, hata akiwa anasahau. Anayetaka kuyasikia amwombe yeye."

"Endelea, dada," mwenyekiti akasema.

"Na kile kitu kiliona mama anaugua kabla yetu. Kikajibu tu. Jirani mwema akimwona mama yako anauliza siku mara kumi na moja atakuja kukugongea mlango. Hiki kilinyamaza."

Mtaalamu wa maendeleo jumuishi akainua mkono. "Hapo kuna mgongano, fundi. Umesema siri ni ya mzee. Sasa kikiona ugonjwa kiseme?"

Pindo akasita. Hilo hakuwa amelipima. "Kimwambie mwenyewe. Wazi, bila kuremba. Kimwulize: nimwambie daktari?"

"Na mzee akikataa?"

"Basi kiniulize tena kesho!" Ilikuwa sauti ya mama, ile ya opereta, iliyofika hadi ukuta wa mbele bila kipaza sauti. "Mimi nasahau, bwana. Huenda kesho nikasahau kwamba nilikataa."

Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akavua miwani akajifuta macho, kisha akaandika. Pindo alingoja watulie, akamalizia yaliyobaki. Kwamba afisa alikuwa akija kila wiki, visanduku vilipokuja akapunguziwa safari. Kama mashine inaongezwa ili mtu apunguzwe, huo si msaada, ni mabadilishano, na wazee hawakuulizwa. Kwamba kwenye ile fomu ya majaribio kulikuwa na maswali arobaini kuhusu mama wala hata moja kuhusu anayemtunza. "Na la mwisho," akasema, akiona aibu na akishindwa kujizuia, "mashine isikubali kuitwa mwanangu."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akaketi.

Mama aliutafuta mkono wake, akaupata. "Ulisikiliza yote?"

"Siku nne tu, mama. Nisamehe."

"Basi mwanamume wa Ijumaa hukumfikia."

"Sikumfikia."

"Vizuri. Huyo nitakusimulia mwenyewe."

Akamsimulia kweli, alasiri moja, Pindo akitia vifungo kwa mkono ili cherehani isipige kelele. Mwanamume yule aliomba namba ya nyumba aliyokuwa akiishi na mkewe. Mke alikwisha kufa, laini ilikwisha kukatwa. Mama hakumwambia namba haipo. Alichomeka waya kwenye tundu tupu, akangoja kiasi cha miito sita, akamwambia, samahani, hawajibu. Naye husema asante, nitajaribu wiki ijayo. Hapo mama akasimama. Uso ukamkunjamana. "Ikafika Ijumaa moja..." akasema. Akatafuta. "Ikafika Ijumaa moja..." Mwisho haukuwepo.

Pindo aliungojea hadi akaumia yeye.

"Muulize Mgeni," mama akasema hatimaye. "Nilimwambia. Nampa ruhusa."

Ikabidi amwulize. Hakuna kitu alichowahi kukiuliza kwa shingo upande kama kile: kuomba mwisho wa hadithi ya mama yake kwa mche wa sabuni. Mgeni akaeleza kwamba Ijumaa moja yule bwana hakupiga, wala iliyofuata. Na Ijumaa ya tatu, saa kumi, mama alichomeka waya mwenyewe kwenye lile tundu tupu, akangoja miito sita.

"Nilifanya hivyo?" mama akauliza, ameshangaa na kufurahi kama anayesikia habari za mtu mwingine. "Nilikuwa mtu mzuri mimi."

Pindo aling'ata uzi, akakata.

Kijitabu cha sera kilitoka mwaka uliofuata. Afisa aliwaletea nakala, amekunja ukurasa wenye mambo yao. Maongezi hayafunguliwi bila ridhaa ya mwenyewe, hata kwa jamaa. Chombo kikiona dalili za ugonjwa kimweleze mwenyewe kwa lugha anayoielewa, kimwombe ruhusa ya kuarifu kituo cha afya, na akikataa kimwulize tena baada ya muda. Ziara za afisa zisipunguzwe kwa sababu ya mashine. Anayemtunza mgonjwa nyumbani apate mtu wa kumpokea alasiri mbili kwa wiki. Hili la mwisho liliandikwa "kadiri uwezo utakavyoruhusu", na kwao uliruhusu alasiri moja. Ombi la "mwanangu" halikupita. Badala yake iliandikwa kwamba mashine ikiitwa kama jamaa, ikumbushe kwa upole kwamba ni mashine. Pindo aliusoma mstari huo mara nyingi kuliko mingine yote.

Mtu wa kumpokea alikuwa muuguzi mstaafu, mnene, mwenye kicheko cha kujaza nyumba. Siku ya kwanza alikaa na mama dakika tano, mama akaanza kucheka naye. Pindo akasimama mlangoni na pochi mkononi, ule mchomo wa zamani ukamwingia tena palepale, mbichi, kama haukuwahi kutoka.

"Nenda, dada," muuguzi akamwambia. "Saa kumi na mbili ndiyo nitaondoka."

Hakujua aende wapi. Alikwenda hatua kumi, akaingia kwa msusi, akaketi kwenye kile kiti cha chini ambacho hakuwa amekikalia miaka mingi. Kupitia ukuta walisikia kicheko cha mama, kikafuata cha muuguzi.

"Wanacheka nini wale?" Pindo akauliza.

"Nyoosha shingo," msusi akasema, akazipasua nywele kwa kitana.

Pindo akataka kuinuka mara moja, akataka mara ya pili. Msusi akamshika kichwa kwa viganja viwili, akamgeuzia upande wa barabarani, akaanza mstari wa kwanza.